Kuizunguka Pemba na hema: ulale pwani, dagoni (kambi ya muda ya wavuvi), uani kwa mwenyeji au kwenye nyumba ya wageni?

Anayeizunguka Pemba kwa gari au vespa, hema likiwa nyuma ya kiti, hakwamishwi na njia. Kisiwa chote kina urefu wa kilomita 67 hivi. Ukishuka bandari ya Mkoani unapanda na barabara mpaka Chake Chake, na kutoka hapo unachagua kwenda Wete au Konde. Kinachomkwamisha ni jioni: hema alipige wapi?

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu kulala njiani umetoka kwa watu wa majangwani. Msafiri wa Sahara au wa Namib huiacha barabara, huendesha mpaka gari lisionekane na wapitao, hutafuta tuta la mchanga la kumkinga upepo, hulala. Kuwa mbali na watu ndio usalama wake. Huku kwetu ushauri huo haufai. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 543,000 Pemba, na hakuna kipande cha ardhi kisichokuwa na wenyewe: hapa mikarafuu ya fulani, pale konde la muhogo, kule pwani diko, yaani pa kushushia samaki, la watu wa mji fulani. Anayejificha kwenye kichaka hajajipatia usalama, amewatia watu wasiwasi usiku kucha. Jambo moja la jangwani ndilo linaloshika huku pia, nalo ni kutolala bondeni. Kule mto mkavu hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali usikoiona. Huku bonde la mpunga lililokauka jioni linaweza kuwa ziwa alfajiri, masika yakishika.

Nimelinganisha sehemu nne ambazo msafiri wa Pemba huweza kulala na hema. Zote nimezipima kwa mambo yale yale matano.

Mambo ya kupima

Idhini. Kila shehia, yaani eneo dogo la utawala la kijiji au mtaa, ina sheha wake anayeisimamia, na sheha anatakiwa ajue nani amelala kwenye shehia yake. Kumuona mapema ni utaratibu, na ndio kinga yako kubwa usiku. Mgeni wa kutoka nje ya nchi aulize kwanza Kamisheni ya Utalii kabla hajavuka.

Ardhi na bahari. Mchanga, udongo mwekundu na mawe ya matumbawe havishiki kigingi namna moja. Upande wa mashariki wa Micheweni, kwenye uwanda wa mawe, kigingi hakiingii kabisa. Kamba utazifunga kwenye mawe makubwa au kwenye mifuko uliyoijaza mchanga.

Maji ya kutumia na choo. Wengi hukumbuka ya kunywa, wakasahau ya udhu na ya kukoshea sufuria.

Sitara na usalama. Nani atakuona unapoamka, unapokoga, unapobadili nguo? Kwa familia jambo hili linaweza kuamua lote.

Upepo na wadudu. Kaskazi, kusi, mbu, usubi.

Uzuri wa mandhari sikuuweka. Pemba utaukuta kila upande, na haujawahi kumkausha mtu aliyelowa saa 9 usiku.

Pwani tupu: Vumawimbi na Panga ya Watoro

Pwani hizi mbili ziko kaskazini kabisa, kwenye rasi ya Kigomasha. Vumawimbi inatazama mashariki, Panga ya Watoro iko upande wa machweo. Ndizo zinazopigwa picha zaidi, na ndizo zinazotaka akili zaidi.

Idhini. Njia ya kwenda huko inatoka Konde na kupita katikati ya Msitu wa Ngezi, ambao ni hifadhi. Simama langoni, sema unakwenda wapi na utarudi lini. Ndani ya msitu usipige hema wala usiwashe moto. Humo mna mpapindi, mti wa jamii ya mnazi ambao kwa asili hauoti popote duniani ila Pemba, na popo wa Pemba anayelala mchana akining'inia juu ya miti mikubwa. Cheche moja wakati wa kiangazi ni hasara isiyolipika. Ukitoka msituni, mtafute sheha upande wa Makangale umwambie mko wangapi na mtalala wapi. Hilo lina uzito zaidi karafuu zikiiva. Misimu hiyo vikosi, KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) wakiwemo, hupiga doria kwenye fukwe kwa ajili ya magendo ya karafuu, na hema la peke yake lenye taa inayowaka usiku wa manane lazima litaulizwa. Ukiweza kujibu kwamba sheha anajua, mazungumzo huwa mafupi.

Ardhi na bahari. Hapa ndipo pa kusoma kwa utulivu. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kwa kukadiria tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hujaa mnamo saa 10 jioni, na tena mnamo saa 10 alfajiri. Sasa tazama mtego wake. Mtu anafika saa 12 jioni, anayakuta maji yanarudi nyuma, mchanga mpana na mweupe mbele yake. Anapiga hema pale pazuri, anakula, analala. Adhana ya alfajiri haijalia, bahari imeshamfuata kwenye godoro.

Kila siku kujaa huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ndiyo maana ukifika wakati wa maji mafu, karibu na tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 za mwezi mwandamo, maji hujaa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hayapandi sana. Anayetaka kulala pwani apange safari yake iangukie siku hizo. Kalenda ya msikitini inamtosha.

Wala usiiamini alama ya maji ya leo peke yake. Bamvua inapoanza, maji ya kesho hupanda kupita ya leo. Panda na ufukwe mpaka uukute mstari wa zamani, ule wa mwani uliokauka ukawa unavunjika mkononi, kisha uuvuke mpaka panapoanza majani yanayotambaa. Hapo piga hema. Kivuli cha mivinje ni kizuri. Kivuli cha minazi ni hatari, hata siku isiyo na upepo. Nazi haitoi taarifa.

Maji na choo. Hakuna kimoja wala kingine. Jaza madumu Konde: lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia, na nyingine za udhu na kukosha. Choo ni shimo unalochimba mwenyewe nyuma ya vichaka na kulifukia vizuri, mbali na vijia. Vijia hivyo si vya bure. Maji yakipwa, kina mama na watoto hupita hapo kwenda kuokota chaza na kutafuta pweza, na anayewaachia uchafu njiani amewavunjia heshima kwenye mahali pao pa kazi.

Sitara na usalama. Sitara ya usiku ipo, ya mchana hakuna, kwa sababu wapita njia ni wengi kuliko unavyodhani. Usiache hema na simu ndani ukaenda kuogelea, weka zamu.

Upepo na wadudu. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, hupiga Vumawimbi uso kwa uso. Usiku mzima kitambaa cha hema kitapigapiga. Wakati huo Panga ya Watoro hupata kinga ya ardhi, na hata kusi ya Juni hadi Septemba haipigi hivyo upande huo. Vumawimbi iwekee siku za shwari. Upepo ukiwepo mbu hupungua, ukikata hujitokeza wote pamoja.

Inamfaa: mtu mzima mwenye uzoefu wa hema, gari linalopita njia ya vumbi na tope, na kalenda ya mwezi mfukoni. Inamfaa anayetaka kimya. Haimfai mwenye watoto wadogo wakati wa bamvua.

Dagoni kwa wavuvi

Hakuna Mpemba anayejua kulala nje kama mvuvi. Watu wa dago wamehama na samaki na upepo vizazi na vizazi, wakajenga vibanda vya makuti panapofaa, wakavunja na kuondoka msimu ukibadilika. Ukikuta dago, umekuta sehemu ambayo tayari imeshachaguliwa na wanaojua.

Idhini. Muulize mkubwa wa dago, aghalabu ni nahodha mmojawapo. Toa salamu kwa wote kwanza, kaa, ukaribishwe, ndipo useme haja yako. Usianze kufungua mfuko wa hema kabla ya hapo. Visiwa vidogo vina mambo yake ya ziada: Misali, kwa mfano, iliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, na anayetaka kufika huko apitie kwa wasimamizi wa hifadhi, si kwa nahodha peke yake.

Ardhi na bahari. Lala nyuma ya vibanda vyao au sambamba navyo, kamwe usilale mbele. Mbele ni njia ya kuvutia vyombo na nyavu, na watu hao huondoka kwa kufuata maji, si kwa kufuata saa yako. Wakitoka saa 8 usiku, utaamka nao.

Maji na choo. Maji wanayaleta kwa madumu kutoka mjini, mara nyingine kwa chombo. Njoo na yako, na usiguse yao hata wakikukaribisha. Choo ni kama pwani tupu.

Sitara na usalama. Usalama ni mkubwa, macho ni mengi. Sitara kwa wanawake hakuna, maana dago kwa kawaida ni maskani ya wanaume. Mke na binti wasipelekwe huko ila kuwe na jamaa.

Upepo na wadudu. Upepo wameshauhesabu wao. Usubi ndio taabu, hasa dago likiwa karibu na mikoko. Kaa upande unaopata moshi wa makumbi yao, utapona.

Hapana kodi ya kulala dagoni, lakini mikono mitupu haipendezi. Kilo mbili za sukari, majani ya chai na unga wa ngano hupokelewa kwa furaha ya kweli, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokwisha. Usiku watakupa samaki wa kuchoma ambaye hata soko la Tumbe halina mbichi zaidi yake.

Inamfaa: vijana wa kiume wawili watatu, anayependa uvuvi, anayetaka kujua upepo na maji kutoka kwa wanaoyaishi.

Uani kwa mwenyeji kijijini

Kwa maoni yangu, hii ndiyo sehemu ambayo wasafiri huidharau bila sababu. Wanaiona haina safari ndani yake. Mimi naona ndiyo inayokupa Pemba yenyewe, na kwa familia naipendelea.

Idhini. Fika kabla ya sala ya alasiri. Nenda barazani au msikitini, si dirishani kwa watu. Sala ikisha, msogelee mzee mmoja: "Assalamu alaykum mzee wangu. Sisi tunatoka Unguja, tunatembea. Tunaomba pahala pa kupiga hema usiku wa leo, asubuhi tunaondoka inshaallah." Utaulizwa ukoo wako, umefikia kwa nani, unamjua nani Wete. Jibu kwa urefu. Maswali hayo ndiyo yanayokutambulisha. Yeye mwenyewe atakupeleka kwa sheha.

Ugumu unakuja baadaye. Mwenyeji atakwambia: "Hema la nini, mwanangu? Ingieni ndani." Wala hakaribishi kwa mdomo tu, anamaanisha. Ukikubali, mtu atalala ukumbini ili wewe upate kitanda. Kwa hivyo kataa mara ya kwanza na ya pili kwa upole, ukisema umelibeba hema kwa makusudi na watoto wanalingojea. Akishikilia mara ya tatu, kubali chakula, ukatae kitanda. Hapo pande zote mbili zimetendeana wema.

Ardhi na bahari. Uwanja uliofagiwa ni tambarare na bahari iko mbali, lakini udongo mwekundu wakati wa masika hugeuka tope, na kigingi hulegea. Uliza kabla hujachimba hata mfereji mdogo wa kupitisha maji ya mvua. Tazama na juu: mfenesi na mdoriani ni miti ya kukaa mbali nayo tunda likiwa limekomaa. Msimu wa karafuu uwanja huo huo ndio wa kuanikia, na majamvi huenea mpaka ukingoni mwa njia. Hema lisikalie pa karafuu, na usiwashe moto wa moshi karibu nazo. Mvua ikinyemelea, ondoka kwenye kiti ukasaidie kukusanya. Hakuna shukrani inayozidi hiyo.

Maji na choo. Vyote vipo. Ikiwa maji ni ya kisima, teka yako mwenyewe na umtekee na mwenyeji.

Sitara na usalama. Bora kuliko kwingine kote. Wanawake hukaribishwa uani kwa wanawake wenzao, watoto hupata wenzao wa kucheza, na gari hulindwa na mtaa mzima. Nawe vaa kwa staha. Hapa si hotelini.

Upepo na wadudu. Upepo kidogo, mbu wengi, hasa kijiji kikiwa ukingoni mwa bonde la mpunga. Malaria imepungua sana Zanzibar, haijaondoka. Hema lenye wavu usiotoboka ni lazima. Usiku ukisikia kilio kama cha mtoto mchanga juu ya mti, ni komba, hana neno na mtu.

Usitoe pesa mkononi kama unalipa chumba, watu huumia. Peleka mchele, sukari, sabuni, umpe mama wa nyumba.

Inamfaa: familia, wasafiri wa kike, anayesafiri na wazee, na kila anayeanza kulala kwenye hema. Haimfai anayetaka upweke, kwa sababu jioni nzima utakuwa na wageni.

Uwanja wa nyumba ya wageni

Chake Chake, Wete na Mkoani kuna nyumba za wageni, na zenye ua mpana baadhi huruhusu hema kwa bei ya chini kuliko chumba. Bei ni ya kupatana, na mpatane kabla hujashusha mizigo, mkijumlisha choo, kukoga na chai ya asubuhi. Idhini unaimaliza mezani pale kwa kuandikishwa jina. Ardhi hutegemea ua wenyewe, wakati mwingine ni saruji tupu, basi chukua hema linalosimama bila vigingi. Maji, choo na umeme wa kuchajia simu vipo. Usalama ni mzuri. Sitara ni ya wastani, kwa kuwa wageni wengine wanapita. Upepo hukingwa na kuta, na joto hubaki humo humo.

Inamfaa: anayeshuka na boti akiwa amechoka, aliyelowa anayetaka kukausha vitu, na mgeni wa nje ambaye bado hajamaliza mambo ya vibali.

Uchague kwa hali yako

Una familia na usiku mmoja tu: kijiji, bila kufikiri sana. Ukitaka na pwani, nendeni Vumawimbi mchana, mrudi kijijini alasiri.

Mko vijana, mna siku kadhaa, na mwezi uko karibu na tarehe 7 au 22: usiku wa kwanza kijijini ili mjulikane, wa pili pwani. Sheha ameshawaona, na mtu wa kuwaulizia asubuhi yupo.

Ni wakati wa masika, Machi hadi Mei: acheni pwani na acheni mabonde. Nyumba ya wageni, au uwanja wa juu kilimani. Skuli zikiwa likizo, mwalimu mkuu na sheha wanaweza kuwaruhusu kulala barazani mwa skuli, na paa la bati lina thamani kuliko hema lolote.

Ni msimu wa karafuu: viwanja vimejaa majamvi na fukwe zina doria. Ulizia mwenyeji mapema kwa simu kupitia jamaa, au kaa mjini.

Unasafiri peke yako: dago kwa mwanamume, kijiji kwa mwanamke. Pwani tupu peke yako siishauri kwa yeyote, si kwa hofu ya watu, bali ukiteguka mguu usiku hakuna wa kukusikia.

Na boti ikichelewa ukashuka Mkoani jua linazama, usianze safari ya kuvuka kisiwa kizima kutafuta Kigomasha gizani. Lala hapo hapo Mkoani, na asubuhi jaza madumu uondoke.